Historia ya Mama Josée Kabedi, Pamoja na Mistari Iliyofutwa

Wazazi, wandugu, majirani wa mtaa wetu wa Panda na wote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Samy Kalombo, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu Josée Kabedi, aliyelala mbele yenu katika sanduku hili. Mjue kwanza kwamba kwa desturi yetu karatasi kama hii hupitiwa na mkubwa wa familia kabla ya kusomwa, na jana mchana baba mkubwa Théophile, aliyekaa pale kwenye kiti cha mbele, aliipitia kwa kalamu nyekundu, akafuta sehemu tatu. Kwa desturi hiyohiyo, anayesoma mbele ya sanduku hakatizwi na mtu yeyote, hata mkubwa, kwa sababu kumkatiza ni kumtukana marehemu. Basi nitasoma yote, na kila tukifika penye wino mwekundu nitawaambia.

Mama Josée alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika mji huu uliokuwa bado unaitwa Jadotville, akiwa mtoto wa sita wa Papa Kazadi, mvunja mawe wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na mkewe Mama Albertine. Hapa ndipo wino mwekundu unapoanza, kwa maana baba mkubwa aliandika pembeni, "Batoto bale balikufa, hatubahesabu," lakini marehemu aliwahesabu maisha yake yote. Mama Albertine alizaa kumi, na watano hawakufikisha miaka mitano, wawili kwa surua katika wiki moja, wawili kwa kuharisha, mmoja kwa malaria, na Josée, akiwa na miaka saba, ndiye aliyebeba mshumaa mbele ya jeneza dogo la mwisho. Alizoea kusema kwamba mama yake hakupenda kuzaa kumi, alizaa kumi ili abaki na watano.

Alisoma shule ya msingi kwa masista hapa Likasi kuanzia Septemba 1967, akaendelea na shule ya uuguzi, akapata diploma ya ukunga tarehe 2 Julai 1982, binti wa kwanza katika ukoo wao kushika karatasi ya namna hiyo.

Tarehe 1 Oktoba 1982 alianza kazi katika hospitali ndogo ya uzazi ya mtaa, akaifanya hadi tarehe 30 Juni 2021, na kwa miaka yote hiyo aliandika madaftari mawili, moja la waliozaliwa na moja la waliokufa, si kwa sababu aliagizwa na mtu, bali kwa sababu alikuwa bado amebeba ule mshumaa. Akina mama walimtania, "Mama Josée, uko unatuhesabu kama mifuko ya simenti?" naye akawajibu, "Simenti haiko na jina, mama, mutoto iko na jina." Madaftari hayo yako hapa mezani, na tulisoma ndani yake kama wengine wanavyosoma historia ya nchi. Katika miaka yake ya kwanza, mama aliyezaa tisa alizika watatu au wanne, kisha chanjo zikaenea, vyandarua vikaja, maji ya chumvi na sukari yakajulikana hadi kwa wachimbaji wa Shinkolobwe, na daftari la vifo likaanza kuchukua muda mrefu kujaa. La kuzaliwa halikupungua, kwa sababu wazazi waliendelea kuzaa tisa wakiwaogopea wale wanne ambao sasa hawakufa, na ndiyo sababu nyumba zetu zilifurika, watoto watano wakakaa dawati moja, na mji ukapanda milima. Alisema vifo hushuka kwanza, uzazi hufuata nyuma ukisitasita, na katikati ya hapo watu huongezeka sana. Mwishoni aliona uzazi nao ukianza kushuka, watano, wanne, na alipotafuta sababu alikuta karibu kila mara kwamba mama huyo alikuwa amemaliza sekondari.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na baba yetu Stanislas Kalombo, fundi wa umeme wa bwawa la Mwadingusha, wakapata Elie mwaka 1989, Joëlle mwaka 1992 na Rolly mwaka 1995, wote wazima, wote wamechanjwa, kisha wakakubaliana wawili kwamba inatosha. Januari 1998 baba mkubwa Théophile aliita baraza la familia, akasema mbele ya watu ambao wengine wao wako hapa leo, "Batatu? Batatu ni batoto? Tumbo yako iko na kufuli?" Mwaka uliofuata alimletea baba yetu mke wa pili, na baba yetu, Mungu amrehemu, alikubali kwa kunyamaza.

Kutoka hapa ukurasa mzima ni mwekundu, kwa kuwa mke huyo wa pili ni Simone, mama aliyenizaa mimi, na jina lake lilifutwa kila mahali lilipotokea. Simone aliletwa akiwa na miaka kumi na minane, akawekwa katika uwanja wa baba mkubwa, akazaa mara sita kati ya mwaka 2000 na 2007, na mara zote sita alizalishwa na Mama Josée, ambaye angeweza kumchukia na hakumchukia. Aprili 2008 Simone alimwendea mwenyewe, akamwambia, kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, nimechoka, saidia miye nipumzike," akapewa kadi ya sindano ya uzazi wa mpango, na baba mkubwa alipoikuta kadi hiyo chini ya godoro aliipasua vipande, akasema nyumba ya Kalombo haifungwi na karatasi. Tarehe 3 Juni 2009 baba yetu alikuwa zamu Mwadingusha, Mama Josée alikuwa zamu hospitalini, umbali wa dakika kumi kwa gari, na Simone alianza kutoka damu saa mbili asubuhi. Baba mkubwa alikataza gari lisiitwe, akisema, "Ni ya saba ile, njia anaijua." Saa tisa alasiri majirani walimbeba juu ya mlango walioung'oa, akafariki kwenye lango la hospitali akiwa na miaka ishirini na minane, na mikono iliyomtoa mtoto akiwa hai ilikuwa ya Mama Josée. Mtoto huyo ni Reine. Jina la Simone liko katika daftari la vifo, na mbele yake marehemu aliandika maneno mawili tu, "alizuiwa kuja."

Siku tisa baadaye Mama Josée alikuja na mkokoteni wa kubebea mizigo, akatuchukua wote saba.

Sehemu ya tatu iliyofutwa ni neno moja, niliandika kwamba marehemu ameacha watoto kumi, na baba mkubwa akaandika juu yake "watatu." Mwaka 1998 watatu hawakuwa watoto, leo wanamtosha, kwa sababu akitutoa sisi saba katika hesabu ya Mama Josée tunarudi mkononi mwake. Asubuhi ya pili ya kilio alitangaza kwamba Reine, mwenye miaka kumi na sita, ataacha shule ya uuguzi na kuolewa na mfanyabiashara wa madini mwenye miaka arobaini na mmoja, akasema, "Kifo imekula mutu, sasa tuzae." Marehemu alimfahamu shemeji yake. Baada ya baba yetu kufariki, tarehe 17 Novemba 2016, alipewa na mahakama ulezi wa wadogo wote, na tarehe 20 Januari mwaka huu, akiwa kitandani, alihakikisha ulezi wa Reine umepita kwa dada yetu Joëlle. Nakala ya hati iko shuleni, nyingine kwa mkuu wa mtaa, na ya tatu alikabidhiwa mfanyabiashara mwenyewe jana jioni, akaisoma amesimama, akaondoka na mbuzi wake wa mahari.

Mama Josée aliugua figo tangu Mei 2023, akafariki tarehe 11 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na minne. Ameacha watoto kumi na wajukuu saba, na hakuna hata mmoja aliyetangulia mbele yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakunga wenzake walioimba naye hadi mwisho, majirani wa Panda, na hasa wale walioung'oa mlango wao. Tunamshukuru pia baba mkubwa Théophile kwa wino wake, maana bila huo tusingejua ni wapi panapomuuma.

Udongo wa kwanza, ambao kwa kawaida hutupwa na mkubwa wa familia, marehemu aliagiza utupwe na Reine, ambaye amekuja na sare ya shule. Pumzika kwa amani, Mama, sisi kumi bado hatujapumzika.