Ma Evodia: Miaka Thelathini na Minne kwenye Nyasi za Wafiwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu Ma Evodia Kahigi, mhudumu wa diakonia wa usharika wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991. Kwenye faili lake majukumu yameandikwa kwa maneno manne tu: wagonjwa, wajane, yatima, wafiwa. Wagonjwa, wajane na yatima alishirikiana na watumishi wengi kuwahudumia. Wafiwa walikuwa wake, na si kwa sababu sisi wengine hatukuwataka.

Mchungaji Abel alinipa kazi ya kuandika wasifu huu akijua vizuri kwamba nimemwonea Ma Evodia wivu kwa miaka minne. Nilipomkumbusha, alicheka. "Wewe umemwangalia kuliko sisi wote," alisema. "Andika."

Ma Evodia alizaliwa Kamachumu mwaka 1965, akaja hapa Kibeta kama mke wa fundi mabati, marehemu Ta Kahigi. Usharika haukumwajiri kwa ajili ya wafiwa. Aliajiriwa kupika chakula cha wageni. Wiki yake ya kwanza kazini akafa mwimbaji wa kwaya, na Evodia akatumwa kupeleka sufuria msibani. Akakaa siku tatu. Siku ya nne wazee walipofuata vyombo, mjane aliwaambia, "Sufuria chukueni. Mpishi niachieni." Mchungaji wa wakati ule alikuwa mtu wa kusikia. Kabla ya mwezi kwisha Evodia alihamishiwa diakonia, na wageni wakatafutiwa mpishi mwingine.

Mwaka 1996, baada ya ajali ya meli, alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wiki kadhaa, nyingine zikiwa hazina hata mwili wa kuzika. Nilipomuuliza alikuwa anawaambia nini wafiwa wale, alinishangaa. "Ningewaambia nini?" Mwaka 2016, baada ya tetemeko, alikaa na familia za majirani waliopoteza watu wao, na ilikuwa siku ya nne ndipo alipokumbuka kwamba ukuta wa jiko lake mwenyewe umelala chini.

Namna yake ya kufanya kazi ni rahisi kuieleza na ngumu kuiiga, nami nimejaribu. Akifika msibani hapiti mbele kwenye turubai. Anazunguka nyuma, wanakomenya ndizi, anatoa kisu chake kwenye mkoba, anakaa kwenye nyasi, anaanza kumenya. Hamfuati mfiwa. Hamwambii mtu asilie. Haulizi marehemu aliugua nini. Baada ya saa moja au mbili mfiwa mwenyewe anatoka ndani, anaangaza macho, anakuja kukaa kando yake. Ma Evodia anampa kazi: shika beseni hili, sogeza maganda yale. Na mtu ambaye hajafumbua mdomo tangu juzi anaanza kuongea.

Kisu hicho kimewahi kumpoteza. Mwaka 2009 alitumwa kwenye msiba Kahororo, na barabara ile siku ile ilikuwa na misiba miwili. Aliingia nyumba isiyo yake, akamenya ndizi siku mbili nzima, akamtuliza binti wa marehemu, Verdiana, akapanga hata zamu za kuchota maji. Jioni ya siku ya pili watu wakatoa rozari, na Ma Evodia, Mlutheri wa kuzaliwa, akaanza kukodoa macho. Alipojieleza, Verdiana alimshika mkono. "Hata kama ni msiba wa watu wengine, ndizi hizi si bado hazijaisha?" Akamaliza kumenya, ndipo akaenda kuomba radhi nyumba ya tatu kutoka pale. Hadi leo familia ile ya Kikatoliki inamwalika kwenye harusi zake zote.

Wapo watakaodhani hana upungufu, kwa hiyo niutaje. Kompyuta haiwezi. Ripoti zake za robo mwaka zina mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni salamu. Akiimba anachelewa nusu pigo nyuma ya usharika wote. Nilipoajiriwa mwaka 2021, nikiwa na shahada ya ushauri nasaha na mpango wa huduma wenye kurasa ishirini, niliamini kwamba atanipisha taratibu, kwa shukrani. Badala yake nilizoea kuona watu wakiingia ofisini, wakinisalimia vizuri kabisa, huku macho yao yakipita begani kwangu kutafuta kiti chake.

Ningeweza kuvumilia kwa watu wote isipokuwa Nancy. Nancy ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Tulikaa dawati moja, tukapata kipaimara siku moja. Februari mwaka jana mama yake, Ma Yuster, alifariki siku ya Jumanne, ikaamuliwa azikwe Ijumaa nyumbani kwao Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, kando ya mume wake. Nilijiambia kwamba msiba huu ni wangu. Nilifika Muleba na kompyuta kabla ya turubai kufika. Nikaomba cheti cha ndoa, kadi ya ubatizo, tarehe zote, nikaandika wasifu wa marehemu wa kusomwa kanisani na kaburini. Ulikuwa wasifu mzuri. Ulieleza kwamba Ma Yuster katika usichana wake alifanya biashara ya dagaa kisiwani Goziba, akaolewa Muleba, akahamia Kibeta, na kwamba "ameacha watoto wawili, Clavery na Nancy." Nancy aliusoma, akasema, "Sawa." Nikachapisha nakala mia mbili mjini Bukoba.

Alhamisi alasiri Ma Evodia alifika, akazunguka nyuma. Haikupita saa nzima Nancy akatoka ndani, akaenda kukaa kando yake. Mimi nilikuwa turubaini na faili langu, nikiwaona kupitia migomba. Waliongea muda mrefu sana. Mwishowe nilitafuta sababu, nikapeleka chai. Nilipofika, Nancy akanyamaza katikati ya neno.

"Weka hapo, asante," alisema.

Ma Evodia hakuinua macho kwenye ndizi. "Ina maziwa?"

"Ina, Ma."

"Basi nipe mimi. Huyu hajala tangu jana, ataitapika."

Nilirudi turubaini mikono mitupu. Sijawahi kumchukia mtu kwa sababu ya kikombe cha chai, ila siku hiyo.

Jioni, kabla ya ibada ya nyumbani, alinifuata yeye mwenyewe. "Mwanangu, wasifu umeshachapwa?"

"Umeshachapwa, Ma. Nakala mia mbili."

"Haya. Nenda kwa mwenzako. Safari hii usibebe kitu."

Nancy alikuwa kwenye nyasi walizotandaziwa wafiwa chumba cha mbele, mgongo ukutani. Nilikaa. Nilinyamaza, na sitajisifu kwa hilo, kwa kuwa niliagizwa. Ndipo akasema, "Tuko watatu."

Kabla ya ndoa yake Ma Yuster alizaa mtoto Goziba na mvuvi Msukuma. Mtoto alibaki kule, akalelewa na shangazi yake, Minza. Anaitwa Limbu. Yeye pia ni mvuvi, ana miaka arobaini, na alikuwa tayari kwenye boti, anakuja kumzika mama yake. Nancy hakujua kama kuna mtu atakayemtaja.

"Miaka kumi na mitatu ya urafiki, Nancy," nilisema. "Mbona hukuniambia?"

"Wewe unauliza, halafu unaandika," alisema. "Ulikuja na kompyuta, dada. Mama hata jeneza hajapata."

Clavery alilipeleka jambo hilo kwa baba yao mdogo, Ta Rugambwa, msimamizi wa mazishi na wa kila kitu kingine. Ta Rugambwa aliogopa kibanja: leo mtu anatajwa, kesho anadai migomba. "Ukoo hauongezwi watu msibani," alijibu. "Aje kama mgeni. Ale, azike, aondoke." Ma Evodia alikuwepo. Nilisubiri aseme neno. Alisema, "Sawa, Ta. Ni mgeni."

Nakiri hapa, mbele ya usharika, kwamba nilifurahi. Nilifurahi kumwona ameshindwa mara moja, na nilifurahi huku rafiki yangu analia.

Ijumaa asubuhi Limbu alifika na wavuvi wenzake wanne, viatu vya mpira miguuni, kofia mkononi. Alikuwa na paji la uso la Nancy lilelile. Wakakaa benchi la mwisho. Ma Evodia alimwendea.

"Karibu, baba. Wewe ni mgeni hapa?"

"Wanasema hivyo, mama."

"Basi wageni wenye nguvu wako kule kibanjani, wanachimba. Kawasaidie."

Niliona ni ukatili. Kwetu majirani ndio wanaochimba; mtoto hagusi kaburi la mzazi wake. Limbu hakulijua hilo, au alilijua akatii. Aliteremka shimoni, akapokea jembe kwa jirani mmoja anayeitwa Joackim. Alikuwa amepiga majembe matatu, labda manne, Ta Rugambwa alipokuja kukagua.

"We! Toka humo!" Sauti yake ilifika mpaka turubaini. "Mtoto anachimbaje kaburi la mama yake? Umekulia wapi wewe?"

Wachimbaji wakashusha majembe. Joackim aliegemea ukingo wa shimo. "Ta, umesema mtoto?"

"Nimesema atoke."

"Ametoka. Sasa akakae wapi?"

Ta Rugambwa aliangalia shimo, akaangalia viatu vyake. "Akakae na wenzake, mnaniuliza nini? Chimbeni, mchungaji yuko njiani."

Limbu alijipangusa udongo, akaenda kukaa kwenye nyasi kati ya Clavery na Nancy. Nancy alimpisha nafasi, kama mtu anayempisha ndugu aliyetoka chooni.

Nilimkuta Ma Evodia palepale kwenye ndizi. "Ma, ulijua atasema vile?"

"Rugambwa? Kwenye mazishi ya baba yake alimfukuza kaka yake shimoni kwa maneno hayohayo. Kwa desturi hajiwezi, waitu. Mdomo unamtangulia."

Mazishi hayo yalikuwa mwaka 1998. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja.

Nilichukua kalamu, nikaanza kusahihisha nakala moja moja, nikakata "wawili," nikaandika "watatu." Nilifikia sitini kengele ilipogongwa. Zilizobaki mia na arobaini ziligawiwa na kosa langu ndani yake, na bado zimo kwenye Biblia za watu. Lakini wasifu uliosomwa pale kaburini, kwa sauti yangu, ulisema: "Ameacha watoto watatu: Limbu, Clavery na Nancy." Mvuvi mmoja nyuma alisema "Amina!" kwa nguvu, mahali ambapo hakuna amina, na hata Ta Rugambwa akaitikia. Kuhusu kibanja, Limbu hajadai mgomba hata mmoja. Anachofanya ni kutuma samaki, kwa Nancy na kwa Ma Evodia.

Baada ya udongo na maua Nancy aligeuka, akamkumbatia Ma Evodia kwanza. Mimi nilikuwa wa pili. Sikusahau nafasi hiyo siku ile, wala wiki ile. Miezi miwili baadaye nilimuuliza Nancy waziwazi kwa nini alimwambia Ma Evodia na si mimi. "Sikumwambia," alisema. "Nilikuwa namwambia ndizi. Yeye alikuwa karibu." Tangu hapo nimenunua kisu. Ninamenya vibaya, nakata nyama ya ndizi pamoja na ganda, na wanawake wa Kibeta wananicheka. "Shahada hiyo inatumalizia chakula," Ma Georgina, kiongozi wa wamenyaji, aliniambia wiki iliyopita. Lakini hawanifukuzi.

Mafanikio yake mengine yamo kwenye taarifa ya Halmashauri ya Usharika: kikundi cha wajane alichokianzisha mwaka 2003, turubai mbili na sufuria kumi na nane zinazozunguka mitaa yote bila kupotea, wahudumu kumi na mmoja wa mitaa aliowafundisha. Hajawahi kufundisha darasani. Wote kumi na mmoja walijifunza wakiwa wamekaa chini.

Kuanzia tarehe 1 Julai kiti chake ofisini ni changu. Nimekitamani kwa miaka minne, na sasa nimepewa, naona kwamba kiti hakikuwa kitu nilichokuwa namwonea wivu. Watu wa Kibeta na Kahororo wataamua wenyewe kama wafiwa wao watatoka ndani na kuja kukaa kando yangu. Hilo mkataba wa ajira hauwezi kunipa, na Ma Evodia, pamoja na ukarimu wake wote, hawezi kunikabidhi.

Ma, kwa niaba ya watumishi wote tunakushukuru kwa kila nyumba uliyoingia kwa mlango wa nyuma. Mungu akupe afya, mvua za kutosha kwenye kahawa yako, na asubuhi nyingi za kuamka bila mtu wa kukugongea. Kaa salama kwenu Kamachumu unakorudi. Najua tukipata msiba hapa utasikia kabla yetu, na najua hutaweza kukaa nyumbani. Hakuna anayekuomba hilo. Ninakuomba jambo moja tu: usije siku ya kwanza. Tuachie siku moja, Ma. Njoo siku ya pili.