Odette Guillory na Leseni Iliyozikwa Pamoja na Mumewe

Tunayemzika leo, Odette Marie Guillory, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Ville Platte, Louisiana, mtoto wa pili wa Alcide na Inez Fontenot, wakulima wa mpunga. Alisoma hapo hapo mjini hadi mwaka 1977, mama yake alipopooza, akaacha shule ili amuuguze. Kusoma hakukuwahi kumwia rahisi. Herufi zilimchezea machoni, na enzi zile hakuna aliyejua kumsaidia.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Rayford Guillory, fundi wa ving'ora vya wizi na moto. Rayford alikuwa mnene, hapenyi chini ya sakafu za nyumba, hivyo Odette ndiye aliyetambaa huko na waya begani. Siku moja alitoka chini ya kanisa hili akiwa na utando wa buibui kichwani, padri akamuuliza kuna nini huko.

"Nyoka, Padri. Nadhani ni Mbaptisti, hakunisalimu."

Leseni ya jimbo ya kufanya kazi hiyo ilikuwa kwa jina la Rayford. Moyo wake uliposimama Februari 2016, sheria haikuwa na utata: kampuni isiyo na mtu mwenye leseni haifungi wala haitengenezi king'ora. Odette alipewa muda afanye mtihani. Mwanawe Lucas alimsomea vitabu kwa simu kutoka Texas. Alifeli. Alirudia, akafeli tena.

"Pole mama, si mimi ninayeamua," kijana wa dirishani katika ofisi ya leseni alimwambia.

"Najua, mwanangu. Ingekuwa wewe, ningekuletea supu ya gumbo."

Wateja walihamia kwingine, gari la kazi likauzwa, naye akaenda kuosha vyombo katika jiko la shule.

Mwaka 2019 king'ora cha jirani yake, Bi Earline Batiste, kilianza kulia ovyo.

"Wewe ndiye uliyekifunga, Odette. Njoo ukinyamazishe."

"Siruhusiwi, Earline."

"Nani atakuona? Mbwa?"

"Nitajiona mwenyewe."

Earline alikizima akingoja mafundi wengine. Kabla hawajafika, wezi waliingia wakabeba, pamoja na vingine, pete ya marehemu mumewe. Earline hakumlaumu hata kidogo. Odette alijilaumu mwenyewe, na kwa muda mrefu hakuvuka tena barabara kwenda kunywa kahawa kwake.

Agosti 2022 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu. Lucas alimsihi asahau leseni. Alijiandikisha tena hata hivyo, lakini siku ya mtihani ilimkuta kitandani hospitalini, Earline akiwa kando yake.

"Mtihani ulikuwa leo," alisema Odette.

"Achana nao, shoga yangu."

"Ningefeli tu."

Earline akamshika mkono. Odette hakuzungumzia tena kazi. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Novemba 2023.

Ameacha mwanawe Lucas na mkewe Tamsin, wajukuu wawili, dada yake Claudette, na Bi Earline, aliyemfumba macho.

Mungu amlaze mahali pema, maana hapa kwetu alichoka.