Baba Anaomba Siku Zaidi

Basini, mkunga alijifanya kusinzia huku masikio kayatega kiti cha mbele. Fundi bomba mmoja alikuwa akimwonyesha mama jirani yake kabrasha: anakwenda kwa wakili, mahakama ibadili amri ya malezi ya mwanawe.

"Mama yake kaolewa tena. Hali imebadilika."

"Na wewe, baba, hujaoa?"

"Nimeoa. Hayo ni maendeleo."

Mkunga akauma mdomo asicheke. Nyani na kundu lake wamepanda basi moja.

"Kwani mahakama ilikupa siku ngapi?"

"Jumamosi tu! Mtoto ananisubiri mlangoni tangu asubuhi, kavaa viatu. Siku moja itatosha nini, mama?"

"Haitoshi, baba. Lakini leo si Jumamosi?"

Basi likasimama. Fundi akatazama saa, akakumbatia kabrasha lake, akashuka kwa wakili.