Kiti cha Mzee Breki Si cha Huruma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Wageni wetu waalikwa kutoka hospitali na zahanati zinazotumia mifumo yetu. Mstaafu wetu mpendwa, Mhandisi Mkuu, pamoja na mama yetu, mkeo, ambaye kuanzia kesho anarudishiwa mume tuliyekuwa tukimtumia bila kibali chake. Wahandisi, wahasibu, walinzi, na nyinyi wa meza za nyuma mliokaa karibu na keki kwa sababu mnazozijua wenyewe: itifaki imezingatiwa. Kama kuna niliyemruka, anipigie kelele sasa hivi, maana nikishaanza mimi sisimami.

Nimepewa nafasi ya kumuaga Mzee Breki. Wageni, msishtuke. Hilo ndilo jina lake humu ndani, na analijua. Ukimpelekea wazo jipya, kabla hujamaliza sentensi ya kwanza, mzee ameshainua kiganja: "Shika breki." Mimi, mkuu wa ajira, nadhani ndiye niliyeshikishwa breki nyingi kuliko wote. Tumegombana kwenye korido, tumegombana kwenye lifti, tumegombana mbele ya mashine ya kahawa mpaka kahawa yenyewe ikapoa. Na leo nimesimama hapa moyo unanidunda kwa furaha, si kwa sababu anaondoka, mama, usinielewe vibaya, bali kwa sababu ugomvi wetu umezaa matunda ambayo hakuna kati yetu aliyeyategemea.

Lakini niseme ukweli mapema, msije mkanisikiliza nusunusu. Mnajua bodi imempendekeza nani akalie kiti chake. Yuko pale, meza ya pili, koti la bluu, anaitazama sahani kana kwamba ina maandishi. Tunamwita Mkono Mmoja, na sababu yake mtaisikia. Jana aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akaniambia, "Dada, nitakataa." Nikamuuliza kisa. Akasema, "Kwenye korido wanasema nimebebwa. Eti kampuni inatafuta mwanamke, tena mweusi, wa kumweka kwenye picha ya ukutani. Mimi sitaki kiti cha huruma." Nikamsihi asubiri, ajibu baada ya hotuba hii. Kwa hiyo, mabibi na mabwana, sikuja kupamba sherehe tu. Nina mtu wa kumshawishi, na kichwa chake ni kigumu kama cha huyo anayemrithi.

Turudi nyuma kidogo. Nilipoajiriwa hapa, choo cha wanawake kwenye ghorofa ya wahandisi kilikuwa kimejaa maboksi ya kompyuta mbovu. Nikauliza, "Hiki choo vipi?" Nikajibiwa kwa upole kabisa, "Kwani nani anakitumia?" Nikawa nashuka ngazi kwenda kwa wahasibu. Jamani, hawakuwa watu wabaya! Walikuwa wachangamfu, wacheshi, wamesoma chuo kimoja, wanashangilia timu moja, wa rangi moja karibu wote, na rangi hiyo haikuwa yangu. Wakianza vichekesho vya darasani kwao, mimi nacheka kwa adabu tu.

Walifikaje hapa? Kwa desturi yetu tukufu iliyoitwa Niletee Mtu. Nafasi ikipatikana, haikutangazwa popote. Mkuu wa kitengo alitoa kichwa mlangoni, akasema, "Niletee mtu," na kila mmoja akamfikiria rafiki yake. Mtu wako akiajiriwa, ulipewa siku ya mapumziko. Rafiki naye akaleta rafiki, rafiki wa rafiki akaleta shemeji. Hivyo ndivyo tulivyojaza viti, halafu tukajisifu kwamba tunaajiri walio bora. Bora kuliko nani? Nawauliza, kuliko nani, ikiwa wengine hawakujua hata mlango wetu uko wapi?

Kisha tukatengeneza ule mfumo wa kliniki za watoto. Naona wageni wetu wa hospitali wameshaanza kucheka. Mzazi anafika, anajiandikisha kwenye skrini ya ukutani, anapata zamu yake. Ili mtu asijiandikishe kwa bahati mbaya, vijana wetu waliweka ulinzi: unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kona hii, kingine kona ile, unashikilia mpaka taa iwake. Waliujaribu na kuujaribu tena, mikono mitupu, ukafanya kazi safi kabisa. Hakuna hata mmoja kwenye timu ile aliyekumbuka kwamba anayempeleka mtoto mchanga kliniki huwa amembeba mtoto!

Siku ya uzinduzi foleni ilitoka nje ikafika barabarani. Akina mama wakawa wanakabidhi watoto kwa watu wasiowajua ili wapate mikono. Kamera ya kuchukua sura ya mzazi nayo ikaongeza la kwake: weupe iliwapitisha, sisi weusi ikatuambia, "Tafadhali sogea kwenye mwanga." Mlinzi wetu wa getini alikuwa amempeleka mwanawe siku hiyo. Skrini ile iko barazani, jua la mchana limemwakia usoni, jasho linamtoka, na mashine inamwambia asogee kwenye mwanga. Akauliza, "Nisogee wapi tena, nikalipandie jua lenyewe?"

Ndani ya foleni hiyo alikuwemo dada mmoja, mtoto begani, mtoto analia. Alikuwa mtaalamu wa programu aliyeacha kazi alipojifungua, na kila alikoomba baadaye aliambiwa nafasi zimejaa. Akatoa simu, na kwa kidole gumba cha mkono uliobaki akatutumia malalamiko. Mzee Breki aliyasoma kwa sauti mbele ya kikao: "Nyinyi mliotengeneza mashine hii, mmewahi kushika mtoto, au mlizaliwa mkiwa watu wazima?" Halafu, bila kupepesa macho, dada huyo akaeleza humo humo jinsi ya kuirekebisha: kitufe kimoja, subiri taa, bonyeza tena. Basi. Wahandisi walinuna. Mzee akavua miwani, akasema, "Huyu mtu yuko sahihi mstari kwa mstari. Nani anamjua?"

Hakuna aliyemjua. Na shida yetu yote, wapendwa, ilikuwa hapo.

Nikadhani nimeshinda. Nikamkimbilia mzee: "Sasa tutenge nafasi za wanawake, na za watu wa rangi ambazo hatuna humu." Kiganja kikapanda. "Shika breki. Ukimwajiri mtu kwa sababu ya sura yake, umemtukana kabla hajakaa. Akikosea watasema ndiyo maana, akipatia watasema alisaidiwa." Nami nikampa vidonge vyake: "Mzee, hata sasa tunaajiri kwa sura. Ila sura zenyewe zinafanana na zenu, ndiyo maana hamzioni." Akaondoka bila kuaga. Mama, nadhani siku hiyo hakula vizuri nyumbani.

Aliporudi, alirudi na ukuta. Ndiyo, ukuta! Msailiwa akae chumba cha pili, apewe mfumo ulioharibika autengeneze, ajibu maswali kwa kuandika. Kamati ione maneno kwenye skrini, isione jina, isisikie sauti, isijue chuo. Nilipiga vigelegele mpaka wahasibu wakapanda kuja kuangalia kuna nini. Tukausimika ukuta wetu, tukasaili. Waliofaulu wa kwanza walikuwa nani? Wale wale! Chuo kile kile, timu ile ile! Mzee alicheka mpaka akashikilia meza. Mimi nilivimba, sikumsalimia kwa siku kadhaa.

Lakini sikilizeni, hapa ndipo ninapompendea mzee huyu. Mtu mwingine angeridhika na ushindi wake akaenda zake. Yeye alikuja mwenyewe ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa, akasema, "Mkuu wa ajira, nimewaza. Ukuta unawapima wanaofika ukutani. Sasa hao wanaofika, wanaletwa na nani?" Tukatazamana. Siku hiyo Niletee Mtu ikafa, tukaizika bila matanga. Tukaanza kutangaza nafasi redioni, kwenye vyuo vya jioni, kwenye kliniki zenyewe. Na mzee kwa mkono wake akampigia simu yule dada wa foleni: "Njoo ujaribu. Sikuahidi kitu." Akaja, akaingia chumba cha pili kama wengine, akafaulu. Jina la Mkono Mmoja akapewa siku ya kwanza kazini.

Wapo humu waliosema tutashusha kiwango. Nawaheshimu mliolisema waziwazi mezani, kuliko mlionong'ona, kwa sababu swali lilikuwa halali na lilistahili jibu. Waulizeni hawa wageni wa hospitali kama mfumo umeshuka kiwango. Waulizeni kama foleni bado inafika barabarani.

Basi tukafika kwenye kiti cha mzee. Waombaji wote walikuwa wahandisi wetu waandamizi, na wote waliingia nyuma ya ukuta kwa zamu. Tulizima kwa makusudi nakala ya mfumo wa hospitali, tukawaambia: mgonjwa wenu ndiye huyu. Majibu yakaanza kuingia, haya ya haraka, yale ya haraka zaidi, kila mtu anakimbilia kuwasha. Mmoja hakukimbia. Aliandika: "Kwanza niambieni wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wanahudumiwa vipi sasa hivi. Nikijua wako salama, nitaanza kutengeneza." Mzee Breki akapiga meza kofi, vikombe vikaruka. "Huyu! Sijui ni nani na sitaki kujua. Mkabidhini ufunguo!" Kamati nzima ikaafiki. Mlango ukafunguliwa, akatoka koti la bluu. Mzee akamkodolea macho: "Wewe? Si juzi tu umenibishia mbele za watu?" Akamjibu, "Na leo ningekubishia, mzee, ila hukuwepo chumbani."

Na mtu huyu ndiye anayesema amebebwa!

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ruhusa nifanye jambo ambalo halimo kwenye ratiba. Ahsante. Namwomba kila aliyeingia kampuni hii kwa Niletee Mtu, aliyeletwa na rafiki, na mwanafunzi mwenzake, na binamu, na shemeji, asimame. Msitazamane, simameni! Mimi nainua mkono kwa kuwa kusimama nimeshasimama: nililetwa na binamu yangu mhasibu, na usaili wangu wote ulikuwa kikombe cha chai. Ndugu Mkurugenzi? Ahsante, kiongozi, uliletwa na kaka yako, na kazi umeifanya vizuri. Mzee Breki, najua goti linakuuma, lakini inuka. Wewe ulishikwa mkono na mwalimu wako. Meza ya wahandisi, haya. Lo, meza nzima! Na nyinyi wa kule korido, ndiyo, nyinyi, msijifiche nyuma ya maua, nimewaona.

Sasa nawauliza, mliosimama. Kuna mtu aliyewahi kutuuliza kama tumebebwa? Kuna aliyekosa usingizi miongoni mwetu kwa kuogopa kwamba kiti chake ni cha huruma? Hakuna hata mmoja! Hatukuwa wabovu, wengi wenu ni hodari na nawapenda. Lakini tulibebwa, tukashushwa taratibu, tukakaa, na tukasahau kabisa kwamba miguu yetu haikugusa ardhi.

Geukeni. Tazameni waliobaki wamekaa. Ukiwaacha wageni wetu, na ile meza changa ya walioingia juzi kupitia ukutani, amebaki yeye. Dada yangu, inua macho kutoka kwenye hiyo sahani. Ulipofika hapa hakuna aliyekujua. Hakuna aliyekuombea, hakuna aliyepewa siku ya mapumziko kwa ajili yako. Katika wakubwa wote wa nyumba hii, wewe peke yako ndiye uliyekuja kwa miguu yako. Ukikikataa kiti hiki kwa kuogopa neno la watu, utakuwa umeturudishia sisi tuliobebwa, na tutakipokea bila hata kuona haya. Je, unakubali?

Nyamazeni kidogo, anasema kitu. Rudia, dada, huku mbele hatujasikia.

Amesema anakubali! Amesema anakubali, ila tukae kwanza, kwa sababu mzee goti linamuuma.

Mmemsikia Mhandisi Mkuu wenu mpya. Kaeni, tafadhali. Mzee wetu, nenda ukapumzike, na breki zako tuachie, tutazihitaji. Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni wetu, wafanyakazi wenzangu, nawashukuru kwa kunisikiliza mkiwa mmekaa, na nawashukuru zaidi kwa kunisikiliza mkiwa mmesimama.