Zamu ya Baba Ndinda

Basi lilikuwa limetoka Kibwezi, nami niliketi nyuma ya abiria wawili. Mama mmoja wa kanisa alikuwa akimweleza muuza vitunguu aliyekaa kando yake habari za video ambayo binti yake Ndinda aliitazama kwenye banda la video sokoni.

"Marafiki wanacheza mchezo uliolaaniwa. Wakiuacha kabla haujaisha, wanakufa mmoja mmoja."

"Hiyo niliiona, mama. Damu ilikuwa rangi tu, na maiti alikuwa anapumua." Alisema kwa uchungu wa mtu aliyelipa kiingilio.

"Mwambie Ndinda hivyo. Mwaka jana baba yake alikuwa anacheza drafti na yeye, nikawaambia waache twende maombi. Mzee akaanguka njiani, akafa. Ule ubao bado uko juu ya kabati, na kete zao za vifuniko vya soda ziko vile walivyoziacha. Sasa Ndinda anasema mchezo ndio ulimuua, na yeye ndiye anafuata."

Muuza vitunguu alilisogeza gunia lake karibu na miguu. "Basi keti naye mmalize."

"Nikimaliza, nitakuwa nimekubali kwamba mchezo unaua watu. Nitasimamaje kanisani?"

"Na usipomaliza, mtoto atakaa akingoja kufa."

Mama alitazama nje. Mimi pia nilitazama nje, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Basi likasimama kituo cha Salama. Muuza vitunguu alichukua gunia lake, kisha akageuka. "Zamu ilikuwa ya nani?"

"Ya baba yake," mama akasema. "Na mimi sijui kucheza."