Kitambaa Ambacho Fundi Taratibu Hakukikata

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Meneja, wasimamizi wa idara, mafundi wakubwa kwa wadogo, wanagenzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mabinti wa mstaafu pamoja na wajukuu zake, na wewe mwenyewe, Fundi Taratibu, ambaye leo tumekusanyika kukuaga: nawasalimu nyote kwa heshima zenu, na niliyemruka asihesabu kuwa ni dharau, ahesabu kuwa ni uzee.

Naomba ruhusa nizungumze nikiwa nimekaa. Meneja alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mama, sema maneno machache tu, usijichoshe." Nikamjibu, "Mwanangu, kuchoka nimeshachoka, acha basi nichoke kwa faida."

Nimetambulishwa kwenu kama mkataji wa zamani wa kiwanda hiki na mwalimu mstaafu wa chuo. Yote ni kweli, lakini sikuletwa hapa na vyeo hivyo. Nimeletwa na neno moja ambalo nimelibeba tangu ujana wangu na ambalo sitaki kwenda nalo. Maana nakwenda, ndugu zangu. Ugonjwa niliopambana nao nikiwa binti umenirudia uzeeni, na safari hii mimi na daktari tumekaa tukaelewana kwamba hakuna sindano tena. Msinikunjie nyuso. Aliyepewa maisha mara mbili akidai na ya tatu ataonekana mlafi. Ninachodai mimi ni nafasi ya kusema.

Nyinyi vijana mnamjua Fundi huyu kama mzee asiyeweza kuliona pindo lililopinda akanyamaza. Mnajua jina lake lilitoka wapi? Sisi wa zamani tulikuwepo. Aliingia mama mmoja anahema, suruali ya mwanawe mkononi. "Fundi, haraka, kijana ana usaili kesho." Naye, bila kuinua macho kwenye cherehani, akamwambia, "Taratibu, mama. Akiingia na mguu mmoja mrefu hawatamwajiri." Kuanzia siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu.

Siku hizo meza ya kukatia ilikuwa pale dirishani, na cherehani yake ilikuwa mbele yangu, kiasi kwamba kila nikiinua kichwa nilikutana na mikono yake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Yeye alikuwa mdogo kwangu kidogo, na kwa adabu ya kazini akiniita dada.

Ndiye aliyeuona ugonjwa kabla ya mtu yeyote. Asubuhi moja alisimamisha cherehani akaniuliza, "Dada, kola yako hiyo kaikata nani?"

"Mimi mwenyewe. Ina nini?"

"Haina kitu. Wewe hukukosea. Shingo ndiyo imebadilika upande mmoja. Nenda ukaonyeshe."

"Ala, Fundi, kumbe siku hizi unakagua na shingo za watu?"

Mafundi wote wakacheka, naye akahangaika kutunga uzi ambao tayari ulikuwa kwenye sindano. Nilimtania, lakini nilikwenda. Hospitali wakakata kinyama shingoni, wakapima, wakanipa jina la kitu chenyewe: saratani ya tezi, na wakanianzishia sindano za dawa kali.

Nawauliza nyinyi mlio na umri ule leo: kijana anafundishwa wapi kuugua? Mzee ana mazoea, mtoto ana mama wa kumbeba. Kijana ana nini? Ana kazi aliyoanza juzi, ana chumba alichopanga, ana mipango ambayo hata hajaipa majina. Wenzangu wa rika walikuwa wakiolewa na kugombania majina ya watoto, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakatia magauni ya harusi, ndoo ya kutapikia ikiwa chini ya meza. Rafiki yangu mmoja alikuja kupimwa, amejaa furaha, akaniuliza, "Na wewe zamu yako lini?" Kisha akakumbuka, akaziba mdomo. Nilimwambia, "Simama wima, unaniharibia kiuno." Sikutaka alie juu ya hariri.

Watu waliniuliza kwa nini sipumziki. Nitawaambia leo. Nyumbani nilikuwa mgonjwa, hapa nilikuwa mkataji. Nyumbani mama yangu alinipokea kwa sauti ya watu wa matanga, hapa niligombezwa kwa kupoteza chaki. Nani asingechagua kugombezwa?

Lakini kazi nayo ilinipinga. Dawa ilinitia ganzi ncha za vidole, na mkataji bila vidole ni mpishi bila ulimi. Siku moja nilijikata nisijue, mpaka nilipoona wekundu juu ya kitambaa cheupe. Fundi Taratibu alinyanyuka, akalisogeza gauni, akanifunga kidole kwa kipande cha pamba, akarudi kwenye kiti chake. Ila toka hapo kila nilipotandaza kitambaa kipya nilimkuta upande wa pili wa meza amekishika pembeni, kana kwamba ndivyo alivyoajiriwa. Bibi wa meza ya pasi, Mungu amrehemu, aliona kwamba harufu ya wanga wa moto inanigeuza tumbo, akahamia ukumbi wa nyuma na kudai kwamba umeme wa upande huu umekuwa dhaifu. Fundi wa umeme alikuja mara mbili kutafuta hitilafu. Kila mara bibi alimfukuza kwa maneno makali, "Unanibishia mimi niliyeanza kupiga pasi mama yako hajaolewa?" Kiwanda kizima kilikuwa kinasema uongo kwa ajili yangu, na hakuna aliyekubali kuwa anasema uongo.

Sasa nifike kwenye koti.

Nilikuwa na koti la kazi, refu, la kijivu, nililolikata mwenyewe. Jioni nililiacha hapa kiwandani, kwenye msumari karibu na mlango, asubuhi nililivaa. Mwili wangu ulikuwa unayeyuka, lakini koti lilinikaa vilevile. Nikajiambia, sijapungua. Mama naye, kila alipokuja hapa kuniletea uji, akashikilia hapohapo: "Mwanangu yuko vizuri, tazameni koti lilivyomwenea." Hospitali nikagombana na muuguzi wa mizani.

"Umepungua tena, dada yangu. Unakula?"

"Mizani yenu imechoka. Mimi ni mkataji, naijua miili. Nguo haidanganyi."

"Basi tukupime kwa nguo, tuache mizani?"

"Mngekuwa na akili mngefanya hivyo."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniagiza nile hata kama chakula kina ladha ya msumari. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimemwamini fundi mwingine, bila kujua.

Kisha asubuhi moja, kwa unyonge tu, nililivaa koti ndani nje. Vidole vyangu vilikuwa na ganzi, macho hayakuwa nayo. Nikaiona mishono. Kulikuwa na mshono wangu wa kwanza, uliokuwa umefumuliwa, na matundu yake bado yanaonekana. Ndani yake wa pili, nao umefumuliwa. Ndani zaidi wa tatu. Mtu alikuwa akilipunguza koti langu kidogo kidogo kadiri nilivyopungua, akilichukua jioni baada ya mimi kuondoka na kulirudisha kabla sijafika. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mkono wa fundi unajulikana kama mwandiko.

Ningeweza kuumia. Ningeweza kusema, kumbe nyote mmenichezea. Lakini niliona jambo jingine, nanyi mafundi mtalielewa kabla sijamaliza. Nguo ikipunguzwa, kitambaa kinachobaki nje ya mshono hukatwa, la sivyo kinajaa na kukwaruza. Ndivyo tunavyofundisha, ndivyo tunavyofanya. Koti lile lilikuwa limepunguzwa sana, na ndani yake kitambaa chote kilikuwepo. Amekilaza, amekikanda kwa pasi, amekishika kwa mishono midogo kisinisumbue mbavuni. Hakukikata hata uzi mmoja.

Mafundi, kitambaa huachwa kwa ajili ya nani? Kwa mwenye nguo atakayenenepa. Daktari alikuwa akiongea nami kwa "tutaona". Mama alikuwa akilia jikoni akidhani sisikii. Katika dunia nzima mtu mmoja alikuwa ameandaa nafasi ya mwili wangu kurudi, na hakuniambia.

Nililigeuza koti, nikalivaa, nikaenda mezani. Mchana ule nilikula sahani nzima, nikaitapika, nikala tena.

Nanyi mtauliza, kwa nini basi hukumshukuru? Wazee wenzangu wanajua. Katika kiwanda hiki tulilelewa na kanuni moja: rekebisho likionekana limeharibika. Mteja akirudi akasema, "Fundi, naona ulipopunguza," fundi huyo hulala na aibu. Kumwambia Taratibu kwamba nimeona ilikuwa kumwambia kwamba kazi bora aliyopata kuifanya maishani imeshindwa. Nikanyamaza kwa heshima. Naye akanyamaza kwa ufundi. Na mwili wangu ulipoanza kurudi, mwezi baada ya mwezi, koti liliachiwa kidogo kidogo mpaka mshono ukarudi kwenye matundu yangu ya kwanza, na bado sisi wawili tulikuwa tukizungumza habari za vifungo.

Lakini nitasema ukweli wote, kwa sababu sina tena wa kumwonea haya. Haikuwa heshima peke yake. Mtu aliyezoeshwa na ugonjwa asipange lolote mbele ya sindano inayofuata, hata akiambiwa amepona huchukua muda mrefu kuamini kwamba naye ana kesho ya kumkaribishia mtu. Na lilikuwepo lile neno dada. Ni neno zuri, lakini kwangu lilisimama mlangoni kama bawabu.

Nikapata nafasi ya kwenda kusoma. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka hapo nje, akaniuliza, "Dada, koti unaondoka nalo au unaliacha?"

Nikasema, "Naondoka nalo."

Akasubiri. Ninaapa mbele yenu kwamba alisubiri. Mimi nikazungumzia mvua.

Niliporudi likizo nilikuta posa imeshapelekwa kwa binti wa watu, tena binti mwema. Nikaombwa nikate gauni. Nyinyi mabinti zake mliokaa hapa mbele, msiwe na wasiwasi, bibi yenu huyu hakuja kuposa. Gauni la mama yenu, Mungu amrehemu, nililikata mimi, kwa vidole vilivyokuwa vimeanza kurudi, na nililikata vizuri. Mama yenu alipendeza, akapendwa, na alistahili vyote viwili. Sikumwonea wivu hata siku moja. Nilichokuwa nacho hakikuwa wivu. Kilikuwa ni kuinua kichwa kwenye kila meza niliyofundishia, katika kila chuo, na kukuta mbele yangu ukuta.

Nimeishi vizuri. Nimefundisha watu, wamenizidi, nimefurahi. Niliwaambia wanafunzi wangu kila mwaka wasikate kitambaa cha ziada haraka, nao wakidhani ninafundisha ubahili.

Basi, Fundi Taratibu, nisikilize, maana sasa sisemi na mkutano, nasema na wewe. Niliona. Niliona toka ule mshono wa tatu, na kila ulichofanya baada ya hapo nilikiona asubuhi yake. Kwa kanuni ya meza yetu, kazi yako imeharibika leo mbele ya Bodi nzima, na mimi ndiye niliyeiharibu. Lakini sikutaka uende kupumzika, wala sikutaka mimi niende ninakokwenda, ukidhani kwamba hakuna aliyekiona kitambaa ambacho hukukikata. Kile kitambaa ndicho nilichokuwa nakula, siku ambazo chakula hakikupita.

Naona midomo yake inacheza. Fundi, sema kwa sauti, sikio langu la upande huo limeshastaafu. Mpeni kipaza sauti. Hataki. Haya, binti yake, tuambie wewe, baba amesema nini?

Mmemsikia? Kwa walio nyuma, narudia kama nilivyopewa. Amesema: "Dada, ningejua unataka nionekane, ningeshona vibaya."

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilikuwa na maneno mengine, ya kumtakia mstaafu afya na mapumziko mema, na ushauri kidogo kwa wanagenzi. Naomba uniruhusu niyaache, maana nimepata nililolifuata, na pumzi iliyobaki ninataka niitumie vinginevyo. Nawashukuru kwa kiti, kwa subira na kwa masikio yenu. Nimesikilizwa, asanteni.

Meneja, kaa tu, mwanangu. Mtu wa kuninyanyua ameshatoka kwenye kiti chake.