Bibi Shamba wa Kikwe na Uzazi wa Panya

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Yoeli, mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi hii kwa kuwa eti nimetembea sana, ingawa pamoja na kuendesha malori hadi Lubumbashi, panya akikatiza sebuleni bado napanda juu ya kiti, na wa kunishusha alikuwa dada huyu.

Anyesi Gadiel Nanyaro alizaliwa Kikwe tarehe 14 Machi 1978, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari mjini Arusha, kisha stashahada ya kilimo Morogoro, akaajiriwa kuwa bibi shamba wa kata yetu Julai 2003. Tarehe 9 Septemba 2006 alifunga ndoa na shemeji Philemoni wa Elerai, wakajaliwa Irine, Prosper na Rachel.

Mwaka 2015 panya walifukua mbegu hadi watu wakapanda mara tatu, na jioni ungedhani ardhi inatembea. Sumu iliua wengi, lakini waliobaki walizaa wakajaza mashamba upya, ndipo dada akaleta mpango wa chambo cha sumu kwanza, kisha chambo cha kupunguza uzazi kwa walionusurika, vyote ndani ya vipande vya mianzi ili kuku wasifikie, na mashamba yote yaweke siku ileile, maana anayegoma anawafugia wenzake panya.

Watu waligoma, wakisema mahindi ya shamba lenye chambo hicho cha uzazi yatawafunga mabinti kizazi. Wakati wa matangazo baada ya ibada, Mzee Ludovick alisimama akauliza, "Sasa bibi shamba, wajukuu nitawaokota wapi?" Dada, akiwa na mimba ya Rachel, akajibu, "Shikamoo mzee. Mahindi ya shamba la majaribio nimeyala misimu miwili, na huyu tumboni hakuletwa na basi." Kanisa zima lilicheka, mchungaji naye, na Jumamosi iliyofuata Kikwe yote ikaweka chambo.

Msimu ule nilirudi safarini nikakuta mahindi yamesimama mstari kwa mstari, bila pengo, kama yanapanda kuufuata Mlima Meru.

Novemba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Alhamisi, tarehe 20 Februari 2025, hospitalini Arusha, na hadi mwisho alikuwa akiuliza kama watu wataendelea kuweka chambo pamoja yeye asipokuwepo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani na maafisa ugani wenzake. Dada, juzi Jumamosi, kabla ya kuja msibani, watu wa Kikwe waliweka chambo wote, bila kuitwa na mtu. Sasa pumzika, mama, pumzika kwa amani yake Bwana.